Safari ya Kamanyola: namna tulivyonunua mbuzi wa chama

Wengi wenu mlituuliza mbuzi wetu walitoka wapi, tulilipa kiasi gani, na kwa nini mmoja alikufa. Maneno mengi yamesemwa kwenye robine na njiani kutoka kanisani. Tumeona ni heri tuyaandike hapa yote, mazuri na mabaya, ili chama kingine kikitaka kufanya safari kama yetu kisianguke mahali tulipoanguka.

Sisi ni wamama ishirini. Kwa muda wa karibu mwaka mmoja kila mama alileta nusu dolari kila juma, na mweka hazina aliandika katika kaye. Kuna juma ambazo mtu alileta franka za kuuza sombe, na kuna juma ambazo mtu alikopa kwa jirani ili jina lake lisibaki nyuma. Mwisho wa mwaka sanduku lilikuwa na dolari 500. Wengine walitaka tugawane, kila mtu achukue 25 zake na kurudi nyumbani. Lakini mama mzee wetu alisema: «Makumi mbili na tano inaisha kwa unga na sabuni. Mbuzi anazaa.» Basi tukapatana kununua mbuzi, majike na dume moja. Kura ingeonyesha nani anaanza, na kila anayepata jike atatoa mwana jike wa kwanza kwa mama anayefuata kwenye orodha, mpaka wote ishirini wafikiwe.

Walichagua watu watatu wa kwenda: mama mweka hazina, mama mzee kwa sababu alikulia katika mifugo, na sisi tunaoandika haya, kwa sababu tunafundisha shule na tunajua kuhesabu na kuandika. Ilikuwa mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa.

Kwa nini Kamanyola? Huku juu kwenye vilima vya Bukavu parsele ni ndogo, mbuzi ni wachache na bei iko juu, tena mara nyingi mbuzi unayemkuta sokoni amekwisha kupita mikononi mwa makomisioneri watatu au wane. Huko chini katika bonde la Ruzizi watu wana majani na nafasi, na mwenye mbuzi mwenyewe anamleta sokoni kwa kamba yake. Tulitaka kuonana na mwenye mbuzi, si na komisioneri.

Tulitoka saa kumi na moja ya asubuhi, giza bado. Gari lilipita Panzi, kisha Nyantende, kisha Nya-Ngezi penye migomba na misioni ya zamani. Baridi ilikuwa kali, kila mmoja amejifunika kitenge kichwani. Watu wengi wanaokwenda bondeni wanapita Rwanda, wakitokea Bugarama, maana barabara ya huko ni ya lami. Lakini ukiwa na mbuzi unahitaji karatasi za veterineri kwa kila mpaka, kwenda nje na kurudi ndani. Hivyo tuliamua kwenda na kurudi kwa njia yetu ya Ngomo.

Mama ambaye hajapita Ngomo, tumweleze kidogo. Barabara imekatwa kwenye ubavu wa mlima. Upande mmoja ni ukuta wa udongo na mawe, upande mwingine ni shimo ambalo hutaki kuangalia. Magari mawili yakikutana, moja linarudi nyuma hadi lipate mahali pa kusimama. Shofere wetu alikuwa kijana mwenye adabu, akapiga honi kabla ya kila kona. Mama mzee alishika rozari yake. Mama mweka hazina alishika tumbo lake, si kwa kuumwa, bali feza za chama zilikuwa zimefungwa pale ndani ya kitambaa, chini ya vitenge viwili.

Kisha unafika mahali ambapo mlima unafunguka, na bonde lote linaonekana. Sisi tunafundisha jiografia mwaka wa tano, na tumechora mto Ruzizi ubaoni mara nyingi: unatoka ziwa Kivu, kwenye mita 1.460 juu ya bahari, unashuka kwenda ziwa Tanganyika, kwenye mita karibu 770. Kwa sababu ya kushuka huko kwa haraka, kule juu karibu na Bukavu wamejenga mabwawa ya umeme. Lakini ubaoni ni chaki tu. Pale Ngomo tuliuona mto wenyewe umelala chini kama kamba iliyotupwa, Rwanda ng'ambo, Burundi mbele kidogo, na kwetu mashamba ya mupunga, mihogo na mahindi mpaka macho yanachoka. Tulijiambia kwamba mwaka ujao watoto watasikia somo hilo kwa namna nyingine.

Kadiri tulivyoshuka, vitenge vilitoka kimoja kimoja. Kufika Kamanyola jua lilikuwa limeanza kuuma. Wazee wanalijua jina hilo: serikali ya Mobutu ililisifu sana kwa sababu ya mapigano ya mwaka 1964, hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliitwa Kamanyola kabla ya kuitwa Uwanja wa Mashahidi. Lakini mtu wa soko haangalii historia. Anaangalia nyanya, mihogo, muwa, samaki waliokaushwa kutoka Uvira, na pembeni, chini ya miti, mbuzi.

Mbuzi walikuwa wengi, labda mia, labda zaidi, wamefungwa kwenye vijiti na mizizi. Kelele yao inafanana na darasa la mwaka wa kwanza mwalimu akitoka nje. Kabla hatujafika karibu, vijana watatu wakatupokea: «Karibuni wamama, mnatafuta ngapi? Mama, huyu hapa, mama, huyu ana mimba!» Hao ndio makomisioneri. Wengine ni watu wazuri, wanatafuta chakula cha watoto kama sisi. Lakini wanajua kwamba mtu aliyetoka mbali anataka kurudi mapema, na haraka yako ndiyo mshahara wao. Mama mzee aliwajibu: «Asante, wanangu. Kwanza tunanunua maji.» Tukakaa kivulini nusu saa nzima, tukinywa maji na kula mihogo, huku tukiangalia. Tuliona nani anakuja na mbuzi wake kutoka njia ya mashamba, na nani anapokea mbuzi wa wengine. Tuliona mbuzi gani anatafuna na gani amesimama kichwa chini.

Kisha kazi ikaanza. Sisi tulikuwa na karatasi ambayo veterineri wa mtaa wetu alituandikia, na mama mzee alikuwa na mikono yake. Tutawaambia yale tuliyofanya kwa kila mbuzi.

Kwanza meno. Mbuzi hana meno ya mbele juu, ana manane chini tu. Mwenye meno madogo yote bado ni mtoto. Akiwa na mawili makubwa katikati, amepita mwaka mmoja. Manne makubwa, anakaribia au amefika miaka miwili. Yote manane makubwa, ni mtu mzima wa miaka kama mine, na yakianza kulegea au kuvunjika, ni koko, mwacheni ale majani ya mwenyewe. Sisi tulitafuta wenye mawili au manne.

Pili jicho. Vuta ukope wa chini pole pole. Ndani pakiwa pekundu au waridi, damu ipo. Pakiwa peupe kama karatasi, minyoo inamnywa. Tatu pua na pumzi: akimbizwe hatua chache, usikilize kama anakohoa. Nne nyuma: manyoya chini ya mkia yakiwa na mavi yaliyokauka, tumbo linaharisha. Tano mgongo: pitisha mkono, ukisikia mifupa kama meno ya kisanduo, amekonda hata kama tumbo ni kubwa. Sita kwato na kutembea. Saba chuchu: mbili, laini, bila uvimbe. Kwa dume, shika makende; yawe mawili na yalingane.

Mwisho kabisa unauliza bei. Mtu akiuliza bei kwanza, mwenye kuuza anajua kwamba moyo wako umekwisha kununua.

Wauzaji wengine walichoka nasi. Mzee mmoja alituuliza kama tunanunua mbuzi au tunaoa. Tulicheka naye, na mwisho alituuzia majike mawili mazuri, dolari 55 kila mmoja, kutoka 70 aliyotaja mwanzo. Mwingine alituuzia moja kwa 50 na moja kwa 55. Dume, mweusi, kifua kipana, lilitugharimu 70, na hapo hatukupunguziwa hata franka moja.

Lakini yule ambaye hatutamsahau ni mama mmoja aliyekuwa amekaa peke yake na mbuzi wawili. Mmoja alikuwa wa kahawia, mrembo, mnene, masikio marefu. Mwingine alikuwa na madoa, wa kawaida. Tulimwendea moja kwa moja yule wa kahawia. Meno mazuri, jicho jekundu, mgongo umejaa. Tulikuwa tayari kutoa 55. Yule mama alituangalia, akauliza: «Mnamtaka wa kula ao wa kufuga?» Tukasema ni wa chama, wa kuzaa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Basi, wandugu, huyu musimuchukue. Ametupa mimba mara mbili. Namuuzisha kwa watu wa nyama. Chukueni huyu wa madoa, amezaa mapacha kwangu.» Wa madoa alitaka 60 na hakupunguza, kwa sababu mtoto wake alikuwa anaingia mwaka wa sita wa segondari na alihitaji feza ya shule. Tulimlipa 60. Komisioneri aliyesikia alimcheka mbele yetu, akamwambia anafukuza feza kwa mdomo wake mwenyewe. Yeye hakumjibu. Alifungua kamba ya mbuzi wa madoa, akatupa na ile kamba.

Saa sita tulikuwa na majike matano na dume: dolari 345. Kila muuzaji tulimwomba asimame nasi mbele ya mtu wa kodi ya soko, akatukatia karatasi kwa kila mbuzi. Hilo msilidharau. Mbuzi asiye na karatasi anaweza kuwa wa wizi, na kwenye bariere utalia.

Tulipata kamyo moja iliyokuwa inapandisha nyanya Bukavu, wakatutengea kona. Mbuzi walisimama kwa miguu yao juu ya majani makavu. Tuliona wengine wamefungwa miguu yote mine na kulazwa kwenye pikipiki, kichwa kinaning'inia. Mbuzi anayesafiri hivyo anafika nusu mufu, tena kama ana mimba anaitupa. Usafiri wetu, chakula chetu, kodi na kamyo, vyote pamoja vilikula dolari 60. Zilibaki 95.

Sasa tunafika kwenye kosa.

Kabla ya kuanza kupanda mlima, kamyo ilisimama ili injini ipoe. Kijana mmoja akaja na jike jeupe, tumbo limejaa pande zote mbili. «Wamama, huyu anazaa mwezi huu. Nauzisha kwa sababu ya mugonjwa. Dolari 45 tu.» Jua lilikuwa kali, shofere anapiga honi, kamyo inatikisika. Mama mzee alikuwa amekwisha kupanda mbele na alisinzia. Mama mweka hazina alituangalia: «Mwalimu, unaonaje?» Na sisi, tuliobeba karatasi ya veterineri tangu asubuhi, karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko, tulisema: «Tuchukue, ni kama wawili kwa bei ya mmoja.» Hatukuangalia jino, hatukuvuta ukope, hatukumkimbiza. Hapakuwa na mtu wa kodi. Kijana alipokea feza na kupotea kati ya mihogo.

Tulifika nyumbani usiku. Wamama walitupokea kwa vigelegele, watoto wakawapa mbuzi majina kabla ya asubuhi. Kama veterineri alivyoagiza, tuliwaweka wote saba mbali na mbuzi wa majirani kwa juma tatu, ili tujue kama wameleta ugonjwa. Kura ilipigwa siku ya Yenga. Jike jeupe lilianguka kwa mama mjane mwenye watoto watano. Alifurahi, akisema ataanza na wawili.

Siku ya tatu tumbo lilikuwa limeshuka. Hapakuwa na mimba. Mama mzee alielewa mara moja: mbuzi alilambishwa chumvi, kisha akanyweshwa maji mengi ili aonekane amejaa. Alipovuta ukope, ndani palikuwa peupe kabisa. Chini ya taya palianza kuvimba kama mfuko wa maji. Veterineri alikuja, akasema ni minyoo ya siku nyingi, akampa dawa, lakini akatuambia tusitumaini sana.

Jioni hiyo chama kilikutana, na hapo maneno yalikuwa makali. Wawili walisema: «Kesho ni soko. Apelekwe mapema, akiwa bado anasimama. Tumweke chumvi na maji kama walivyotufanyia, turudishe 45 zetu.» Tusiwadanganye, wengi walinyamaza, na kunyamaza kule kulikuwa kukubali. Sisi wenyewe tulinyamaza. Kosa lilikuwa letu, na njia ya kulifuta ilikuwa pale karibu.

Mama mjane ndiye aliyesema. Yeye aliyepoteza. Alisema: «Atakayemununua kesho ni nani? Ni mama kama mimi. Na nyama yake ina dawa, mtu atamuchinja ale na watoto. Mimi sitaki feza hiyo iingie kwangu.» Mama mzee akakumbusha habari ya yule mama wa Kamanyola na mbuzi wake wa kahawia, jinsi alivyochekwa na hakujibu. Hakuna aliyeongeza neno. Yule jike jeupe alibaki, akatunzwa, na siku ya kumi na mbili akafa. Tulimzika kwenye shimo refu, hatukumla.

Ikabaki deni la 45. Sisi watatu tuliokwenda tulitaka kulilipa lote. Chama kilikataa, kikasema sanduku litatoa 27 na kila mmoja wetu atatoa dolari 6. Kwa mwalimu, dolari 6 mwezi wa tisa si kitu kidogo, lakini tulizitoa, na usiku ule tulilala vizuri.

Mwezi huo huo tulishuka tena Ngomo, safari hii wawili tu. Tulimtafuta yule mama. Alikuwa chini ya mti ule ule, bila mbuzi safari hii, anauza muhogo. Tulimwambia shida yetu yote. Akatupeleka kwa jirani yake, saa moja kwa mguu kati ya mashamba ya mupunga, na pale tulimkuta jike wa meno manne. Tulimpima tangu jino mpaka kwato, na yule mama mwenyewe akasimama kama shahidi. Tulilipa 45. Tulimletea daftari kumi na kalamu kwa ajili ya mtoto wake wa mwaka wa sita, naye akatufungia mupunga kilo mbili.

Leo tunapoandika, mbuzi wa madoa amezaa mapacha, kama alivyosema mwenyewe. Mbuzi wa mama mjane anabeba mimba, safari hii ni mimba kweli, maana tunamwona kitoto kikicheza ubavuni. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano, basi mnaweza kuhesabu nasi. Mavi ya mbuzi yameingia katika mboga za lengalenga, na maganda ya ndizi hayatupwi tena njiani.

Chama kinachotaka kwenda kununua mifugo, nendeni watatu, mmoja wenu awe anajua mifugo, na asilale. Nendeni mapema, kaeni kwanza, angalieni. Nunueni kwa mwenyewe, mbele ya shahidi, na karatasi. Feza zikibaki, zirudi katika sanduku, si lazima zimalizike njiani. Ile karatasi ya veterineri tumeinakili kwa mkono. Anayeitaka aje kwetu shuleni baada ya masomo, tutampa bila malipo.

Siku ya posho tunakutana kama kawaida, kila mama alete nusu dolari yake, na mwenye majani ya viazi asisahau mbuzi.